Springi Aliyoiita Cucu

Majina nitayataja. Kamande, aliyekuwa meneja, nitamtaja. Githinji, aliyekuwa akiuza springi pale mtaa wa Landless, nitamtaja pia, na kama bado anauza, mjue ndiye. Mguu wangu wa kushoto, ulioshonwa ukashonwa tena na mpaka leo haukunji, ndio ulionipa ruhusa. Lakini huyu mzee ninayetaka kuwaeleza nitamwita Fundi tu, vile sote tulimwita. Sababu nitaisema nikikaribia mwisho.

Fundi alitengeneza vigari vya gofu kwenye kilabu moja hapa kati ya Thika na Ruiru, ile ambayo nyasi zake hunyweshwa maji hata wakati sisi majirani tunapanga mitungi. Mimi niliendesha kigari cha soda. Nilizunguka uwanjani na Mama Shiru kando yangu, yeye akiuza vinywaji na sambusa, mimi nikishika usukani. Shule niliacha mapema, kwa hivyo nikiandika vibaya mahali mnivumilie. Mambo ya vigari lakini sikusomea, niliyasikia kwa mgongo na makalio, miaka mingi.

Kigari cha gofu cha petroli hakina gia kama za lori. Kina sahani za chuma zinazobana mshipi wa mpira, hiyo ndiyo klachi yake, na nyuma ya sahani kuna springi, koili nene inayojaa kiganja. Springi ikiwa na nguvu, unapanda mlima bila kelele, na ukiteremka ukitoa mguu kwenye mafuta, injini inakushika. Unasikia kabisa kama mtu amekukamata shati kwa nyuma. Springi ikiwa legevu, kwenye tambarare kigari kinateleza vizuri, kinakimbia, wenye kilabu wanasifu. Ni kwenye mteremko ndipo utajua hakuna mtu nyuma yako.

Na kila springi huchoka. Ikichoka unatafuta nyingine, na hapo ndipo watu huumia. Springi huja zimepakwa rangi kuonyesha nguvu yake, kwa hivyo wengi huchagua kwa rangi: ya zamani ilikuwa ya manjano, leta ya manjano. Wengine hubeba ile iliyochoka mpaka dukani, wanaisimamisha kando ya mpya, wakiona urefu ni sawa wanalipa na kwenda. Fundi aliwacheka hao.

“Unampima mzima kwa mgonjwa?” aliuliza. “Akifanana na mgonjwa, unafurahia nini?”

Yeye alikuwa na Cucu, ndivyo Wakikuyu humwita nyanya, mama wa mzazi. Cucu ilikuwa springi halisi, iliyokuja na kigari cha kwanza kabisa cha kilabu kama spea, na haikuwahi kufungwa mahali popote. Aliifunga kwa kitambaa chenye mafuta, akaitundika kwenye msumari juu ya meza yake. Springi mpya ikiletwa, hakuangalia rangi. Alichukua boliti ndefu, akavisha ile mpya, washa, ile pete bapa ya kutenganisha, kisha Cucu, halafu akaanza kukaza nati kwa spana, taratibu, macho yamekaribia chuma. Mbili zimesukumana hivyo, ile dhaifu hukunja kwanza. Ikikunja ile mpya, imeanguka. Zikikunja pamoja, inafungwa.

“Wacha tuulize Cucu,” angesema, na gereji nzima ingenyamaza, hata sisi tusiokuwa na shughuli hapo.

Kuna mwanachama mmoja, kigari chake kilikuwa kimefunguliwa na yeye ana haraka ya kwenda kucheza. Akaona Cucu kwenye msumari. “Si uweke hiyo?”

“Huyo haolewi,” Fundi akamwambia.

“Kwani ni ya nini kama haifanyi kazi?”

“Kazi yake ni kujua.”

Yule bwana alienda kushtaki. Fundi hakujali. Na springi iliyoanguka mtihani hakuitupa hivihivi. Aliilaza juu ya chuma akaigonga nyundo mpaka ikalala kama nyoka aliyekanyagwa na trela. Nilimuuliza mbona anajisumbua, kuna pipa la taka hapo. Akasema, “Ikitoka hapa ikiwa nzima, itarudi na rangi nyingine.” Nilidhani ni maneno ya uzee.

Sasa, msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwongo wa mambo madogo. Aliambia kila mtu umri tofauti. Aliniambia aliwahi kula nyama ya mamba, akamwambia Mama Shiru kwamba hajawahi kula hata samaki. Majani ya chai aliyachemsha, akayaanika, akayachemsha tena, na ukimwomba kikombe anakuuliza kama kwenu mmehama. Na mtu huyohuyo alinunua mkate kila asubuhi, akaukata vipande, akawawekea paka wa jiko la kilabu. Ukimfumania anasema ni chambo cha panya.

Kitu kimoja kilinisumbua tangu mwanzo. Hakupanda vigari. Sijamwona hata siku moja akikaa kwenye kile alichotengeneza kwa mikono yake. Alitoka kwake Makongeni, akashuka barabarani, na kutoka getini mpaka gereji alitembea, jua au matope. Nikisimama kando yake, “Fundi, panda nikufikishe,” anaendelea kutembea.

“Miguu yangu najua ni nani aliiweka.”

Mama Shiru alimchokoza kwa hilo bila huruma. “Haki Fundi, wewe ni kama daktari anayeogopa sindano!”

“Daktari ndiye anajua sindano imetoka wapi,” akamjibu.

Mama Shiru alicheka mpaka akashika kifua. Alikuwa na kicheko cha kuazima watu. Akicheka yeye, na wewe unajikuta unacheka, hujui kwa nini. Mimi pia nilicheka. Sasa nikikumbuka naona kwamba mzee mwenyewe hakucheka.

Kanisani alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia juu ya goti, kama mtu anayengoja kuitwa nje. Kazini aliimba wimbo mmoja wa Kikikuyu, ubeti wa kwanza tu. Ukifika mwisho wake anarudia. Nilimuuliza kama hajui wa pili. Akasema anaujua, ndio maana.

Na masikio yake! Kila asubuhi niliwasha vigari kimoja kimoja, yeye amesimama amevipa mgongo, mikono kwenye mifuko ya koti. Kama yote ni sawa hasemi kitu. Kama kuna mahali pabaya anainua kidole kimoja, bila kugeuka. Hakuwahi kukiinua bure.

Halafu akaja Kamande. Alikuwa meneja mpya, mtu wa suti nyepesi na salamu nyingi, “Sasa mzee, sasa madam,” mpaka kwa mbwa. Springi za zamani ziliagizwa kutoka mbali na zilichelewa. Kamande akaona huo ni upuzi. Akasema amepata mtu wetu, wa hapahapa, springi ni zilezile, rangi ni ileile. Mtu huyo ni Githinji. Nilikuja kujua baadaye vile alifanya: springi kuukuu za mitambo mingine yoyote, amezikata urefu, amezivuta, amezipuliza rangi ya manjano kibandani kwake Landless. Zilinukia rangi mpya kama meza ya shule muhula unapofunguliwa.

Siku zilipoletwa nilikuwa hapo, nangoja kigari changu kilichofunguliwa. Fundi akavisha moja kwenye boliti, akavisha Cucu, akaanza kukaza. Hakufika mbali. Ile ya manjano ilikunja yote, pete juu ya pete, na Cucu amesimama wima kama mama wa kanisa. Rangi ikamenyeka ikaanguka kwenye meza kama maganda ya vitunguu. Chini yake kulikuwa na kutu.

“Hii siweki,” Fundi akasema.

Kamande alikuwa mlangoni, akamwita babu. “Guka, weka. Kesho kuna mashindano, wageni wanakuja.”

“Siweki.”

“Kwani vile vigari viwili nilivyozijaribia huko Ruiru vinakimbia vipi? Watu wamefurahi!”

“Kwenye tambarare,” Fundi akasema. “Hapa kwetu ni mteremko wa kwenda bwawani.”

Kamande hakubishana. Alimwita nje, wakaongea kando ya tangi la maji. Sikusikia. Niliona tu Kamande ameweka mkono kwenye bega la mzee, kwa upole, vile unamshika mtu msibani. Mzee alikuwa anaishi na mke wake mgonjwa kwenye chumba cha wafanyakazi wa kilabu wakati huo. Alikuwa ameacha nyumba ya Makongeni kwa binti yake ili mke awe karibu na hospitali. Hilo la chumba ndilo waliongea: springi isipofungwa, wahame. Nilikuja kujua nikiwa tayari sina haja ya kujua.

Alasiri nilirudi nikakuta kigari changu kimefungwa, kiko tayari. Fundi alikuwa anaosha mikono kwa mchanga na petroli. Cucu alikuwa kwenye msumari, amefunikwa kitambaa chote, hata pale mwisho ambapo kwa kawaida alikuwa anachungulia.

“Umeweka gani?” nikamuuliza.

“Kiko sawa, Baba Ciku. Enda polepole tu.”

Asubuhi ya mashindano niliwasha injini. Yeye alikuwa amenipa mgongo kama siku zote, mikono mfukoni. Nilingoja kidole. Mkono haukutoka.

Mvua ilikuwa imenyesha. Tulipakia kreti za soda, Mama Shiru akakaa kando yangu na ndoo ya sambusa juu ya mapaja. Tukienda tambarare kigari kilikuwa kitamu, niseme ukweli, kilikimbia kama kipya, na Mama Shiru akasema leo tutamaliza mapema. Kwenye kilima kidogo nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Mshipi ulikuwa unateleza. Nikajisemea tukifika chini nitasimama niangalie.

Juu ya mteremko wa bwawa nikatoa mguu kwenye mafuta, nikangoja ile kukamatwa shati. Hakuna aliyenishika.

Nikakanyaga breki. Zilishika kidogo, zikapata maji, zikaachilia. Nyasi ilikuwa kama sabuni. Mama Shiru akasema, “Baba Ciku, polepole.” Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba apewe chumvi. Chini kuna daraja dogo lenye nguzo za mawe. Hiyo nguzo ilinichukua mguu. Yeye ilimchukua mzima.

Fundi alikuja hospitali na maziwa lala kwenye chupa. Akakaa, mimi nikageukia ukutani. Kwa mazishi ya Mama Shiru, niliambiwa, alisimama nje ya ua na kofia mkononi, akaondoka kabla ya udongo.

Nilipoweza kutembea na magongo, kamati ya kilabu ikatuita. Kamande alisema nilikimbiza kigari. Akasema, kwa sauti ya huzuni, kwamba haombei mtu mabaya, lakini haijulikani nilikuwa nimekunywa nini usiku. Mimi sinywi. Nikasema ni springi. Wakamgeukia Fundi.

“Springi ilikuwa sawa?” mwenyekiti akamuuliza.

Fundi aliangalia kofia yake. Aliigeuza, akaigeuza tena. Nilikuwa namwangalia, nikimwambia kwa macho, sema, mzee, sema tu neno moja.

“Ilikuwa ya rangi yake,” akasema.

Wakaandika hivyo. Ikawa mimi ndiye nilimuua Mama Shiru. Watoto wake walinipita sokoni wakitazama juu yangu, kama mtu anayetazama saa ukutani. Kazi iliisha siku hiyohiyo. Hilo ndilo nililobeba, kuliko mguu: kwamba kuna mtu mmoja duniani alijua, alipima kwa mikono yake, na akanyamaza.

Nilihamia Githurai 45. Miaka ikapita. Nikapata kazi ya ulinzi, kampuni ikanipeleka hapa na pale, mwishowe wakaniweka kwenye geti la estate moja mpya Ruiru, nyumba za kupanga mstari, na ukuta mrefu. Kutoka getini barabara inateremka moja kwa moja mpaka ukumbi wa chini, na nyuma ya ukumbi ni ukuta wa mawe. Meneja wa hapo, nikamwona siku ya kwanza ameshuka garini na suti yake nyepesi. “Sasa soja,” akaniambia. Hakunitambua, ama alijifanya. Kamande.

Wazee wa estate walilalamika kutembea. Kamande akaleta vigari vitatu vya gofu kuwabeba kutoka getini hadi ukumbini, kwa ibada na kwa kliniki ya sukari. Kwa siku chache vilikuwa sawa. Kisha fundi wao akaja, akabadilisha springi, na tangu hapo vigari vikawa vyepesi, vikawa vitamu, akina cucu wanashuka wakicheka. Na siku moja kimoja kilipanda kutoka chini kikanipita pale getini, nikasikia ile harufu ya mpira. Nilishika nguzo ya geti. Mguu wangu ulijua kabla yangu.

Nilimwambia Kamande. Akasema, “Wewe fungua geti.”

Basi nikaenda Makongeni. Sikuwa nimeongea na yule mzee tangu siku ya kamati. Mke wake alikuwa amekufa, na yeye alikuwa amerudi kwa nyumba yake ya zamani. Alifungua mlango mwenyewe, amekuwa mdogo, koti ni lilelile limemzidi.

“Nilijua utakuja,” akasema.

“Sijakuja kwako. Nimekuja kwa Cucu.”

Akarudi nyuma, akaniachia mlango. “Yuko.”

Alikuwa kwenye msumari, juu ya kitanda, kitambaa kilekile. Nikamweleza ya Ruiru, vigari, Kamande, harufu. Hakuniuliza Kamande amekuwaje wala mimi nimekuwaje. Aliuliza swali moja.

“Chini kuna nini?”

“Ukuta.”

Akavaa kofia.

Tulifika wakati akina cucu wanakusanyika getini kwenda kliniki. Kigari kimoja kilikuwa kimeegeshwa hapo, kiti chake kimeshonwa kwa uzi mwekundu pale kilipopasuka. Fundi akapiga magoti na kuanza kukifungua, mbele ya wote. Yeye alielekeza na mimi nikashika spana. Springi ikatoka, ya manjano. Tukaivisha kwenye boliti, akavisha Cucu kwa vidole vyake mwenyewe, nikaanza kukaza. Nati haikwenda mbali. Ya manjano ikakunja yote. Rangi ikamenyeka ikaanguka kwenye viatu vyangu.

“Ngai!” akasema cucu mmoja aliyekuwa ameinama kutazama. “Si hiyo ndiyo inatubeba?”

“Ndiyo inakosa kuwabeba,” Fundi akamjibu.

Kamande akafika mbio. “Ni nani amefungua mali ya watu? Soja, wewe ndiye?”

Fundi alisimama, akishika bega langu. Akavua kofia. Akataja jina lake, majina yote matatu, na la babake, na mahali alipozaliwa, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

“Ni mimi,” akasema. “Na ile ya kilabu pia niliweka mimi. Niliipima ikaanguka, wewe ukaniambia niweke, nikaweka. Huyu dereva hakukimbiza kigari. Hakulewa. Mama Shiru hakuuawa na huyu. Tulimuua mimi na wewe, na yule wa Landless anayepaka rangi.”

Kamande akacheka, kicheko cha kutafuta wenzake. “Guka, hayo ni mambo ya zamani. Nani anakumbuka?”

“Wewe. Umefika hapa ukaangalia mguu wake kabla hujaangalia kigari.”

Ndio maana simtaji jina. Alilitaja mwenyewe, amevua kofia, mbele ya watu na mbele ya Kamande. Mimi nikiliandika hapa itakuwa kama nimemshtaki tena, na mashtaka yangu kwake niliyaacha pale getini.

Kamande alienda kupiga simu. Fundi akaomba nyundo, akailaza ile ya manjano juu ya jiwe la ukingo wa barabara, akaigonga mpaka ikalala. Kisha akachukua Cucu, akampangusa mafuta kwa kitambaa, akaniambia fungua pale.

“Fundi, ukimfunga huyu, utapima na nini tena?”

“Mimi sipimi tena.”

Nikamfunga Cucu mahali pa kazi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nikakiwasha kigari, nikakipeleka juu ya mteremko, nikatoa mguu kwenye mafuta. Nilishikwa. Nilishikwa shati kwa nyuma, sawasawa, na hapo ndipo nililia, mtu mzima, soja, na akina cucu wananiangalia.

Niliporudi nikamuuliza, “Na hivi vingine viwili?”

Alivitazama. Cucu alikuwa mmoja.

“Panda nikushushe stegini ukachukue matatu,” nikamwambia. “Hiki unakijua.”

Alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akaenda kwa miguu. Sijamwona tena.

Tangu siku hiyo, kila mzee akija getini namwambia angoje kile chenye uzi mwekundu. Wengine wananielewa, wale waliokuwepo. Wengine wanafoka, “Kwani hivi vingine vina nini?” Ninawaambia vina nini, na ninataja Kamande, ninataja Githinji. Kwa hiyo kampuni imenipa barua, mwisho wa mwezi nitoke.

Na jana Kamande ameleta mshonaji. Viti vyote vitatu vimevikwa ngozi mpya, nyeusi, vinafanana kama mapacha, uzi mwekundu hauonekani tena. Vile viwili vimefungwa springi nyingine za manjano. Nimekwaruza moja kwa ukucha, rangi bado ni laini.

Kwa hivyo naandika. Ukileta mama yako kwenye geti hilo na mimi sipo, usimpandishe kwanza. Panda wewe. Nenda pale juu mteremko unapoanza, toa mguu kwenye mafuta, usikilize mgongo wako. Kama hakuna mtu amekushika shati, ruka hapohapo, ukiwa bado juu.